SOMO: NDUGU YETU ASIYEWEZA KULA NGANO



Somo letu la safari hii ni la chakula. Huenda mtu akauliza, chakula kina uhusiano gani na gazeti la mtaa wetu wa kanisa? Tunajibu kwamba kina uhusiano mkubwa. Sisi Wakristo hukutana mezani: nyumbani, katika harusi, katika misiba, na kila Jumapili katika Meza ya Bwana. Na karibu katika kila meza hiyo kuna kitu kilichotengenezwa kwa ngano. Sasa wamo miongoni mwa watu wachache ambao ngano huwadhuru. Wengi wao hawajui. Wachache wanaojua husumbuliwa na maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo yafaa tujifunze.

1. KITU KILICHOMO NDANI YA NGANO

Tuanze kwa jaribio dogo ambalo hata watoto wa shule ya msingi wanaweza kulifanya. Chukua vijiko vinne vya unga wa ngano, ukande kwa maji kidogo mpaka uwe donge, kisha uliache kwa muda wa nusu saa. Baadaye liweke donge katika bakuli la maji, ulibonyeze polepole kwa vidole na kubadilisha maji mara kwa mara. Utaona maji yanakuwa meupe kama maziwa. Huo ni wanga unaotoka. Maji yakianza kuwa safi, mkononi utabaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachonata na kuvutika kama mpira. Kitu hicho huitwa gluteni. Mtaalamu mmoja wa Italia, jina lake Beccari, alifanya jaribio la namna hii huko Bologna katika karne ya 18.

Rudia jaribio lile lile kwa unga wa ulezi au wa mahindi. Donge litamomonyoka lote ndani ya maji na mkononi hutabakiwa na kitu cha kuvutika.

Gluteni ndiyo inayofanya chapati ikunjike bila kukatika, na andazi livimbe likiwa ndani ya mafuta. Imo katika ngano, katika shayiri ambayo hutumika kutengeneza bia nyingi za chupa, na katika nafaka iitwayo rai ambayo huliwa sana Ulaya. Kwa hiyo imo katika mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi, biskuti na keki. Haimo katika mahindi, mchele, ulezi, uwele, mtama, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, maharage, karanga, nyama, samaki, mayai wala maziwa.

2. UGONJWA WENYEWE

Kwa watu walio wengi gluteni haina madhara yo yote. Wanakula mkate, wananenepa, wanamshukuru Mungu. Lakini wako wengine ambao kinga ya mwili wao huiona gluteni kana kwamba ni adui aliyeingia. Kinga hiyo, katika kupigana na adui asiye adui, huujeruhi utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Ugonjwa huu huitwa siliaki.

Tueleze jinsi unavyodhuru. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vidole vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo. Kazi yao ni kunyonya chakula kilichosagika na kukiingiza katika damu. Kwa mgonjwa wa siliaki vidole hivyo huchakaa na kulala, kama taulo kuukuu lililobaki kitambaa kitupu. Hapo mtu anaweza kula vizuri mara tatu kwa siku, na bado mwili wake ukawa na njaa.

Dalili zake ni nyingi, na hazifanani kwa kila mtu. Wengine huharisha kwa muda mrefu, tumbo hujaa hewa, kinyesi huwa na mafuta, na mwili hukonda. Mtoto huweza kudumaa, miguu na mikono ikawa myembamba na tumbo likawa kubwa. Wengine hawaharishi hata kidogo, ila wana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au mifupa yao ni dhaifu, au hutokwa na vipele vinavyowasha sana katika viwiko, magoti na makalio.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huenda katika ukoo: mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya karibu 1 katika 10 ya kuwa nao. Kwa hesabu ya dunia nzima, hukadiriwa kwamba mtu 1 hivi katika kila 100 anao. Msidhani kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto Wasahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi ambao wengi wao huishi kambini kwa msaada wa chakula, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Hiki ni miongoni mwa viwango vikubwa kabisa vilivyopata kuonekana duniani. Tena chakula chao kikubwa ni ngano.

Tusichanganye siliaki na mzio wa ngano. Mwenye mzio huvimba midomo, hupata vipele au hubanwa na pumzi mara tu baada ya kula. Huyo naye ni mgonjwa wa kweli, lakini ugonjwa wake ni mwingine. Na wako watu wa tatu ambao tumbo huwasumbua wakila ngano, ingawa vipimo havionyeshi siliaki wala mzio. Hao nao tusiwaite waongo.

3. JINSI WALIVYOIGUNDUA SABABU

Historia ya ugonjwa huu ina mafundisho. Mwaka 1888 daktari Mwingereza, Samuel Gee, aliueleza vizuri kwa maandishi. Alisema kwamba kama mgonjwa ataponyeka, basi ni kwa njia ya chakula. Neno hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini hakujua ni chakula gani chenye makosa, na katika vyakula alivyowaruhusu wagonjwa ulikuwamo mkate uliokatwa mwembamba na kukaushwa pande zote mbili!

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani alitangaza kwamba watoto wagonjwa walipata nafuu kwa kulishwa ndizi nyingi. Ndugu zetu wa Rungwe watafurahi kusikia hayo. Watoto wengi waliokoka kwa ndizi hizo. Lakini kilichowaokoa hasa hakikuwa nguvu ya ajabu ndani ya ndizi, bali ni mkate ambao hawakuula walipokuwa wakila ndizi. Haas hakuitambua sababu hiyo, na baadhi ya watoto walirudishiwa mkate wakidhaniwa kuwa wamekwisha pona.

Aliyeitambua ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyefanya kazi katika mji wa The Hague. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mama mmoja alimwambia kwamba vipele vya mtoto wake mgonjwa hupungua upesi kila anapomnyima mkate. Dicke hakumdharau mama yule. Alianza kuchunguza. Kisha ikaja njaa kali ya Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu wakakosa mkate, hata wakala vitunguu vya maua. Hali ile iliyowatesa watu wote ilimthibitishia Dicke jambo alilokuwa akilifikiri. Mwaka 1950 aliandika matokeo ya uchunguzi wake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba chenye madhara ni gluteni.

Fundisho ni hili. Mama anayeangalia sahani ya mtoto wake aweza kuona jambo ambalo wataalamu wengi hawakuliona. Kwa hiyo mama akisema, "Mwanangu akila maandazi anaumwa," tumsikilize.

4. GHALA LETU LINA DAWA

Siliaki haina kidonge cha kuiponya. Dawa yake ni moja tu, kuacha gluteni maisha yote. Huko Ulaya na Marekani jambo hili ni gumu na la gharama, kwa sababu chakula chao cha kila siku ni ngano. Hununua mikate maalumu madukani kwa bei kubwa.

Je, sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Tutazame. Tuna mahindi ya Iringa na Mbozi, mchele wa Kyela na Usangu, viazi mviringo vya Njombe na Umalila, ndizi za Tukuyu, ulezi, mtama na maharage ya kila rangi. Ugali, makande, uji wa ulezi, togwa, wali, ndizi za kupika, viazi vya kuchemsha: vyote hivi vinamfaa mgonjwa wa siliaki. Babu na bibi zetu waliishi kwa vyakula vya namna hii. Ngano ilikuja kuenea katika nyanda hizi wakati wa wamisionari na walowezi wa Kijerumani. Leo inalimwa Makete, Njombe na sehemu za Mbeya, ingawa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje.

Hatusemi haya ili kuidharau ngano. Ni zao jema na limewasomesha watoto wengi wa wakulima. Tunasema ili mzazi aliyeambiwa na daktari kuwa mwanawe ana siliaki asilie kana kwamba mtoto amehukumiwa kufa njaa. Dawa yake imo ghalani. Jambo la ajabu ni kwamba kile tulichokuwa tukikificha mgeni akija, yaani uji wa ulezi na viazi, ndicho kinachomponya; na kile tulichokwenda kukinunua dukani kwa heshima yake ndicho kinachomwumiza.

Lakini kuna hatari ambazo hazina budi kuangaliwa, maana hata chembe kidogo hudhuru:

(a) Mashine ya kusaga. Katika vijiji vinavyolima ngano, mashine moja husaga nafaka zote. Ulezi ukisagwa mara baada ya ngano, unga wake huchanganyika. Mgonjwa asagiwe kwenye mashine isiyosaga ngano, au atumie kinu na jiwe la nyumbani.

(b) Unga wa lishe. Wengine huchanganya ngano pamoja na mahindi, soya na karanga. Uliza kabla ya kununua, au tengeneza wako mwenyewe.

(c) Mafuta na vyombo. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya maandazi havimfai. Vitumbua vya mchele vinafaa, lakini wapishi wengine huongeza unga wa ngano. Uliza.

(d) Shule za bweni. Mzazi amwandikie mkuu wa shule barua pamoja na cheti cha daktari. Sisi tuliokaa miaka mingi katika kazi ya ualimu twajua kwamba mtoto anayeona haya hatajieleza mbele ya bwalo zima. Atakula anachopewa, kisha ataumwa kimya kimya.

5. FIKRA ZETU

Sasa tufike penye shida kubwa zaidi. Mtu akikataa chapati kwetu, watu husema mambo matatu.

Wa kwanza husema, "Anaringa." Kwetu mkate na chai ni heshima ya mgeni, na anayekataa huonekana amemdharau mwenye nyumba. Tulihudhuria harusi moja mjini Mbeya ambapo bibi harusi alikuwa na ugonjwa huu. Ulipofika wakati wa kulishana keki, minong'ono ilianza upande wa wakwe kwamba binti hataki kula mkononi mwa mama mkwe. Kumbe shangazi yake alikwisha kuiarifu kamati mapema, na kando ya keki kubwa palikuwa na sahani ndogo yenye keki ya unga wa mchele. Mama mkwe alikata kipande cha ile ndogo, akamlisha mkwewe, kisha naye akala kile kile. Minong'ono ikanyamaza, wanawake wakapiga vigelegele. Mama yule hakutoa hotuba yo yote, lakini alifundisha somo kuliko sisi walimu.

Wa pili husema, "Amerogwa," au, "Ni damu ya ukoo wa mama yake." Mtoto anakonda, naye mama anashutumiwa na mawifi. Wengine wameingia katika gharama za waganga na magomvi ya ndugu. Ni kweli kwamba siliaki huenda katika ukoo, lakini hakuna aliyeomba kurithi ugonjwa, na mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Kumlaumu mama ni dhuluma.

Wa tatu ni wale wanaosema, "Ngano ni sumu kwa watu wote." Fikra hii imekuja siku hizi kutoka nchi za nje, ambako watu wazima wenye afya huacha ngano ili wapungue unene au wafuate desturi mpya. Mtu ana uhuru wa kuchagua chakula chake. Lakini asiwatishe wengine, maana akifanya hivyo watu huja kudhani kuwa hata mgonjwa wa kweli anafuata mtindo tu, nao hawatajali chembe ya unga ikiangukia sahani yake.

Wako ndugu wanaotukumbusha maneno ya Bwana wetu katika Luka mlango wa 10, alipowaagiza wanafunzi wake wale vitu wanavyoandaliwa. Tukiisoma sura yote, tutaona kwamba Bwana aliwafundisha waridhike na nyumba iliyowapokea, wala wasitange-tange wakitafuta iliyo nono. Hakumwagiza mwenye nyumba amlazimishe mgeni kula kitu kinachomwumiza. Tena Mtakatifu Paulo, katika Warumi mlango wa 14, anawakataza anayekula na asiyekula kudharauliana. Yeye alikuwa akisema habari ya dhamiri, si ya ugonjwa, lakini upendo anaoutaka ni ule ule.

6. KATIKA MEZA YA BWANA

Vimkate vyembamba vya Ushirika Mtakatifu hutengenezwa kwa unga wa ngano na maji. Kwa mgonjwa wa siliaki, hata kimoja chaweza kudhuru. Je, abaki kitini mwake kila Jumapili huku wenzake wakienda mbele? La hasha.

Kanisa letu linafundisha kwamba Kristo hagawanyiki. Mtu asiyeweza kupokea mkate kwa sababu ya ugonjwa, akipokea kikombe peke yake amepokea Ushirika kamili, wala hakupungukiwa na kitu. Kitabu chetu cha Sala kinakwenda mbali zaidi: mgonjwa asiyeweza kupokea kabisa, akitubu kwa kweli na kumwamini Kristo, anashiriki mwili na damu yake kwa faida ya roho yake, ingawa kinywa chake hakikupokea.

Iko pia mikate ya Ushirika inayotengenezwa kwa ngano iliyoondolewa karibu gluteni yote. Ndugu zetu Wakatoliki nao wameruhusiwa kuitumia kwa wagonjwa, na Roma ilitoa maelekezo juu ya jambo hilo mwaka 2003. Mikate hiyo huagizwa kutoka mbali, lakini kikombe kipo hapa kila Jumapili.

Angalizo moja: kasisi anapotia kipande cha mkate ndani ya kikombe, au washiriki wanapochovya mkate, chembe hubaki ndani ya divai. Mgonjwa aandaliwe kikombe kidogo cha peke yake. Amwone kasisi mapema, wala asione haya. Na mzee wa kanisa anayeandaa meza akumbushwe. Ni kazi ya dakika moja.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tusijipime wenyewe. Kuhara na kukonda katika sehemu zetu mara nyingi huletwa na minyoo, amiba, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au utapiamlo. Anza katika zahanati au kituo cha afya. Yakiondolewa hayo na hali ikaendelea, mwulize daktari kwa jina juu ya siliaki, naye aweza kukupeleka hospitali ya rufaa.

Pili, usiache ngano kabla ya kupimwa. Vipimo ni vya damu, na mara nyingi hufuatwa na kipimo cha kuchukua kipande kidogo sana cha utumbo. Mtu akiwa ameacha ngano, kinga yake hutulia na utumbo huanza kupona, na vipimo vyaweza kusema hana ugonjwa kumbe anao.

Tatu, ukithibitika, shika mwiko wako maisha yote hata ukijisikia mzima. Wale watoto wa ndizi wawe fundisho.

Nne, sisi wengine tujifunze kuuliza kabla ya kupakua: "Ndugu, kuna kitu usichokula?" Swali hilo halina gharama, na kwa mgonjwa ni nusu ya karamu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni vyakula gani tunavyoona haya kumwandalia mgeni? Kwa nini?
2. Je, katika mtaa wetu yuko mtu asiyefika mezani kwa Bwana kwa sababu ya ugonjwa? Nani atakwenda kuzungumza naye?
3. Kamati ya harusi au ya msiba iweke utaratibu gani ili kila mgeni apate chakula asichokiogopa?
4. Soma Warumi 14 na 1 Wakorintho 12. Kiungo kilicho dhaifu kinatudai nini?

SALA

Ee Mungu, uliyetupa nafaka za namna nyingi katika nchi yetu ya milima, utupe na moyo wa kumwandalia kila mmoja kile kinachomfaa, ili pasiwe na mtu atakayeketi mezani petu kwa hofu, wala atakayebaki nje ya meza yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.